Wimbi Juu ya Ubao: Chapa za Kijapani, Wild Coast, na Sisi Tulio Johannesburg



Rafiki yangu mmoja anayefundisha Kiswahili huko Ujerumani alinitumia picha ya kitu alichokinunua alipopita hapa Johannesburg: miamba myeusi, wimbi linalopasuka, anga ya rangi ya chungwa inayofifia taratibu mpaka inakuwa nyeupe. Muuzaji alimwambia kuwa ni chapa ya mbao ya mtindo wa Kijapani, mandhari ya Wild Coast. Mwenzangu akaniandikia: "Sasa ndugu, hii ni mchoro au ni kopi? Na Mjapani ameingiaje Transkei?" Maswali mawili mazuri, na jibu lake halitoshi kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Kwanza mjue tuko wapi. Johannesburg iko mita kama 1,750 juu ya usawa wa bahari, na ukitaka kulowesha miguu kwenye maji ya chumvi lazima uendeshe gari zaidi ya kilomita 550 mpaka Durban. Mji huu ulizaliwa 1886 kwa sababu ya dhahabu tu. Hauna ziwa, hauna bandari, hata mto wa maana hauna. Na bado ukipita kwenye maduka ya picha utakuta bahari imetundikwa ukutani. Watu wa bara wanaipenda pwani kwa namna yao, pwani isiyo na mtu. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo linaloniuma.

Swali la kwanza: mchoro au kopi? Si hiki wala si kile. Ni chapa, neno ambalo sisi tulilipata kutoka Kihindi, lenye maana ya mhuri au alama iliyogandamizwa, nadhani lilikuja kwenye majahazi pamoja na vitambaa vya Gujarati vilivyopigwa rangi kwa vibao vya mbao. Kila karatasi inayotoka kwenye ubao ni kazi halisi. Hakuna "ile ya asili" iliyofichwa kabatini. Tena kwa Wajapani wa zamani mchoro wa asili ulikuwa unakufa kabisa: msanii alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba, karatasi ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao, mchongaji akaikata pamoja na mbao. Kilichobaki ni mistari iliyosimama, na mchoro haupo tena duniani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya watu wanne. Yuko mchapishaji mwenye fedha, ambaye ndiye aliyeamua nini kitauzika, yuko mchoraji, yuko mchongaji, yuko mpiga chapa. Jina tunalolijua sisi ni la mchoraji, Hokusai kwa mfano, lakini lile wimbi kubwa lililotoka mnamo 1831 lisingekuwepo bila mchapishaji Nishimuraya Yohachi na mafundi wake ambao majina yao hayakuandikwa pembeni. Ni picha ndogo, sentimita kama 26 kwa 38. Watu huwa wanashangaa wanapoiona kwa macho, maana mabango yametuzoesha kufikiri kuwa ni ukuta mzima.

Mbao iliyotumika ni ya mcheri wa mlimani, ngumu na yenye nyuzi za karibu karibu, iliyopasuliwa kwa kufuata urefu wa mti. Mchongaji alianza na ubao wa mistari. Kisha zikapigwa nakala kadhaa za mistari mitupu, na kila nakala ikabandikwa kwenye ubao mwingine ili uchongwe kwa ajili ya rangi moja: huu wa buluu, huu wa kijivu, huu wa rangi ya mchanga. Sasa hapa ndipo kwenye hatari. Karatasi italala juu ya ubao mmoja baada ya mwingine, mara tano, mara kumi, na kila mara lazima irudi palepale. Ikisogea upana wa unywele tu, povu linapanda juu ya mashua. Akina mama zetu wanaijua aibu hii vizuri: umeifungua kanga dukani ukakuta weusi wa pindo haukukaa juu ya wekundu wake, rangi imeruka, unaikunja unairudisha. Wajapani walilimaliza tatizo hilo kwa alama mbili tu zilizochongwa kwenye ubao wenyewe, moja ya pembe na nyingine ya mstari, ambazo karatasi inaegeshwa hapo. Wanaziita kento. Ni kitu kidogo mno, na bila hicho hakuna chapa ya rangi.

Tofauti kubwa na uchapaji wa Ulaya ni maji. Mzungu alitumia wino wa mafuta, mzito, unaopakwa kwa rola na kugandamizwa kwa mashine. Mjapani alichanganya rangi na maji na uji kidogo wa mchele, akaisambaza juu ya ubao kwa brashi ya manyoya ya farasi, akalaza karatasi yenye unyevu, kisha akasugua mgongo wake kwa kitu cha mviringo kinachoitwa baren, kilichosokotwa kwa maganda ya mwanzi na kufunikwa na ganda la mwanzi. Rangi haikai juu ya karatasi kama ngozi, inaingia ndani. Karatasi yake ni ya nyuzi za gome la kozo, mti ulio ndugu wa mforsadi, na nyuzi hizo ni ndefu, ndiyo sababu inavumilia kuloweshwa na kusuguliwa bila kuchanika.

Na ile anga inayofifia? Hapo hakuna ubao wa kufifisha. Mpiga chapa analowesha sehemu ya ubao, anapaka rangi upande mmoja, kisha anaivuta kwa brashi mpaka iishie kwenye maji. Anafanya hivyo upya kwa kila karatasi. Kwa hiyo karatasi mbili za chapa moja haziwezi kufanana anga zake, na mnunuzi mjuzi anazitazama zote kabla hajachagua. Wanaita bokashi. Nadhani hii ndiyo sababu pwani na chapa ya Kijapani vimependana sana, kwa sababu pwani ni mpaka usiotulia, maji yanafifia kuwa mchanga na bahari inafifia kuwa anga, na hapa kuna ufundi ambao kazi yake ni kufifisha tu. Wino wa mafuta wa Ulaya ulikuwa unapata shida sana na ukungu wa asubuhi.

Nilijifunza kidogo kazi hii kwa Jumamosi kadhaa katika karakana moja ya hapa mjini, na niwaambie, hali ya hewa ya Johannesburg haikuumbwa kwa ajili yake. Mwezi wa Julai hewa ni kavu, midomo inapasuka, na rangi ya maji inakauka juu ya ubao kabla hujafika na karatasi. Tulikuwa tunafungia karatasi kwenye matambara yenye maji na mifuko ya nailoni tangu jana yake, na mwalimu anazunguka na chupa ya kupulizia maji kama kinyozi. Ndiyo maana wasanii wengi wa huku wameamua kuchukua macho ya Kijapani na kuacha maji yake. Wanachonga lino au mbao, wanatumia wino wa mafuta, wengi wao kwa njia ya ubao mmoja: unachonga kidogo, unapiga rangi nyepesi kwenye karatasi zote, unachonga tena uleule, unapiga rangi nzito zaidi, mpaka ubao unakwisha. Ukimaliza huwezi kurudi kuongeza hata moja. Hilo la mwenzangu wa Ujerumani, kwa jinsi nilivyoliona, ni la aina hii.

Haya, swali la pili: Mjapani ameingiaje? Kwa kuzunguka. Chapa za Kijapani zilimwagika Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19, hasa baada ya Maonyesho ya Paris ya 1867. Nyuma ya hapo ni Waholanzi tu kati ya Wazungu waliokuwa wanaruhusiwa kufanya biashara na Japani, kwenye kijisiwa cha Dejima, kwa zaidi ya miaka 200. Na msisahau kuwa biashara ilikwenda pande zote mbili: ile buluu kali ya wimbi la Hokusai ilivumbuliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kufika Japani kwa meli. Picha ambayo dunia nzima inaiona kuwa ndiyo Ujapani wenyewe imepakwa rangi ya Kijerumani. Sisi tuliozaliwa na kanga, nguo ya "asili" yetu iliyopigwa chapa Uholanzi, Uingereza, India na baadaye Japani kwenyewe, hatuna haki ya kushangaa.

Kutoka kwa chapa hizo wachoraji kama Gauguin na Munch walijifunza kuchonga mbao kwa ujasiri, na Wajerumani wa mwanzoni mwa karne ya 20 wakafuata. Mwaka 1951 mfua dhahabu na muuza picha wa Kijerumani, Egon Guenther, alihamia Johannesburg. Alimsukuma kijana aliyeitwa Cecil Skotnes aache rangi za mafuta achukue patasi. Skotnes (1926–2009) alizaliwa East London, mji wa pwani, na kuanzia 1952 alikuwa anaendesha kituo cha Polly Street katikati ya Johannesburg, ambako Waafrika walipata mafunzo ya sanaa wakati milango mingine ilikuwa imefungwa. Sydney Kumalo na Ezrom Legae walipitia hapo. Mwaka 1973 alitoa chapa 43 za mbao kuhusu kuuawa kwa Shaka. Lakini kinachonivutia zaidi kwake ni kwamba alifika mahali akaacha karatasi: akawa anachonga ubao, anaupaka rangi, anautundika wenyewe. Mchongaji wa milango ya Lamu angemwelewa mara moja.

Kabla yake alikuwepo Pierneef (1886–1957), mtoto wa Kiholanzi wa Pretoria, ambaye alichonga lino na mbao kwa wingi. Mwaka 1929 Shirika la Reli lilimwagiza apambe kituo kipya cha Johannesburg, na 1932 zilizinduliwa paneli 32, kati yake 28 za mandhari, ikiwemo midomo ya ghuba ya Knysna. Hizi ni za rangi ya mafuta, lakini mkono wa mchonga mbao unaonekana: mistari minene ya mipaka, mawingu yaliyopangwa kama vibao, rangi bapa. Kwa macho yangu Japani iko mle, imepitia Uholanzi. Leo ziko Stellenbosch, kwenye jumba la makumbusho la Rupert. Na katika paneli zile zote unachoka kumtafuta mtu. Nchi imefagiliwa. Zilitundikwa katika kituo kilichowatenga watu kwa rangi, miaka 19 baada ya Sheria ya Ardhi ya 1913, ili abiria mzungu aone nchi nzuri, kubwa, tupu, inayomsubiri.

(Pembeni kidogo: mnamo 1961 serikali ya makaburu ilipotaka kuuza chuma Japani, iliamua Wajapani wahesabiwe kama wazungu kwa heshima. Wachina wa Johannesburg, waliokuwepo tangu enzi za machimbo, hawakupewa heshima hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia mapenzi ya Kijapani ya huku ni suala la sanaa tu, mwulize kidogo.)

Basi turudi kwenye lile linaloniuma. Watu wanaofuata "mtindo wa Kijapani" wamechukua wimbi wakawaacha wavuvi. Hebu litazameni tena lile wimbi la Hokusai. Chini yake kuna mashua tatu, na ndani ya mashua wanaume wameinama juu ya makasia, vichwa vimepangwa kama shanga. Ni mashua za kupeleka samaki sokoni upesi. Ondoa wale watu, picha inakuwa bango la hoteli. Hiroshige ni hivyohivyo, pwani zake zina wachumvi na wasafiri waliovaa kofia za majani. Na mwaka 1904 Yamamoto Kanae alipoanzisha njia mpya ya msanii kuchora, kuchonga na kupiga chapa mwenyewe, picha yake ya kwanza ilikuwa nini? Mvuvi, amesimama, mgongo umetugeukia. Kweli, Kawase Hasui (1883–1957) ana pwani nyingi za ukimya, mwezi na misonobari. Lakini hata huko utaona dirisha moja lina taa.

Wild Coast si tupu. Hilo jina limepewa na watu wa nje, ambao kwao ilikuwa pwani ya kuvunjikia meli. Grosvenor ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ilivunjika huko 1782. Wenyeji wana majina yao. Ule mwamba maarufu wenye tundu karibu na Coffee Bay, ambao umechongwa kwenye lino na mbao mara nyingi mno, wanauita esiKhaleni, mahali pa sauti, kwa sababu ya kishindo cha mawimbi yanapopita ndani yake. Wanawake wa Kimpondo hushuka miambani maji yanapokupwa kuokota kome, wao huwaita imbaza. Nani kati yetu asiyeyajua mambo haya? Neno letu lenyewe, pwani, limetoka kwenye kupwa. Kwetu sisi pwani ni pale maji yanapoondoka na watu wanapoingia na ndoo na vijiti vya kuchokonolea pweza. Lugha yetu haina pwani isiyo na nyayo.

Na utupu wa kwenye picha una gharama mahakamani. Huko Xolobeni, kwenye ardhi ya jamii ya Amadiba, kampuni ya Australia ilitaka kuchimba mchanga wa titani ufukweni. Kiongozi wa wapinzani wa mgodi, Sikhosiphi Rhadebe, aliuawa kwa risasi Machi 2016. Novemba 2018 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kuwa waziri hawezi kutoa leseni bila ridhaa kamili ya wenyeji. Kisha Shell wakaja na mpango wa kupima sakafu ya bahari kwa milipuko ya sauti. Mahakama ya Makhanda iliusimamisha Desemba 2021, na Septemba 2022 ikabatilisha haki yao ya utafutaji, ingawa mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa, huku ikikubali kuwa haki ile ilitolewa isivyo halali, iliiachia kampuni nafasi ya kuomba kuihuisha. Katika kesi ile wenyeji waliieleza mahakama kwamba bahari ni makao ya wahenga wao, na kwamba hawakuulizwa. Anayetaka kuchimba siku zote huanza kwa kusema hapa hapana mtu. Sisemi msanii wa chapa ni wakala wa mgodi, la hasha. Nasema picha elfu za ufukwe uliofagiliwa zinamzoesha mnunuzi wa Johannesburg asistaajabu anapoambiwa hivyo.

Aliyenirudishia matumaini ni William Kentridge, na si kwa picha ya mandhari. Baada ya mchoro wake mkubwa kwenye ukuta wa mto Tiber huko Roma, Aprili 2016, alianza mfululizo wa chapa za mbao katika karakana ya David Krut, iliyokuwa wakati huo Arts on Main, Maboneng, pamoja na fundi mkuu wa uchapaji, Jillian Ross. Mojawapo, ya 2017, inaitwa Lampedusa. Mnakijua kisiwa hicho. Tarehe 3 Oktoba 2013 zaidi ya watu 360 walizama karibu na ufuko wake, wengi Waeritrea, na Wasomali walikuwemo.

Tazameni ilivyofanywa. Kentridge alichora kwa wino na brashi. Mchoro ukahamishiwa kwenye mbao. Timu ya wachongaji ikafuata kila mkwaruzo wa brashi kwa patasi. Wapiga chapa wakamaliza. Ni mgawanyo uleule wa kazi wa Edo, ila safari hii majina ya mafundi yanatajwa. Wino ni mweusi tu, hakuna bokashi, hakuna buluu. Badala yake walitumia mbao za aina mbalimbali katika mfululizo huo, mojawapo mpangapanga, mti wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, ili nyuzi za kila mti zionekane kwenye karatasi. Karatasi nyingi zimeunganishwa kwa pini mpaka picha inakuwa kubwa kuliko mtu. Nilisimama mbele ya kazi ya mfululizo huo nikaona mistari ya mti imekuwa maji. Hakuna aliyeichora ile mistari, ni umri wa mti wenyewe. Huu kwangu ndio Ujapani ulioeleweka, kuliko machweo mia ya rangi ya chungwa.

Mwenzangu wa Ujerumani ameniuliza juzi kama aiondoe picha yake ukutani. Nimemwambia aiache, imechongwa vizuri, na fundi alitoa jasho. Ila amwandikie msanii kumwuliza watu wako wapi.

Sasa nina ombi kwenu, hasa mlioko Muscat, Dubai, Mombasa na Unguja. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1970 kanga nyingi sana za Afrika Mashariki zilipigwa chapa Japani, kwa michoro iliyotumwa na wafanyabiashara wa kwetu, na wachoraji wa huko wakaitengeneza kwa ajili ya viwanda. Maana yake mkono wa Kijapani ulichora mji na pindo za nguo walizovaa bibi zetu, labda na bahari yetu pia. Nazitafuta kanga za miaka hiyo zenye mawimbi, mashua au samaki, nizilinganishe na chapa za akina Hasui. Aliye nayo kwenye sanduku la marehemu mama yake, naomba aipige picha mchana, kwenye kivuli, aonyeshe pindo lote na jina lake.

Nawasilisha.